Chumba cha mikutano cha maktaba si ukumbi wa harusi

(1)

Jamani, leo siongelei presha wala chanjo. Naongelea ukumbi. Najua kuna watakaosema nesi kahamia kwenye mambo ya majengo, lakini nivumilieni, maana hii nayo ni habari ya afya, tena kuliko nusu ya vitu ninavyowaandikiaga humu.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, asiyetaka kusoma uzi mrefu aondoke nayo. Vyumba vya mikutano vilivyomo ndani ya maktaba za umma visikodishwe kwa bei moja kwa kila mtu, kama ukumbi wa sherehe. Viwe na bei mbili. Taasisi yenye bajeti, inayowalipa washiriki posho na nauli, ilipe bei kamili bila kulialia. Kikundi cha wananchi wanaokuja kujifunza kitu kwa hela za mifukoni mwao kilipe hela ya usafi na umeme tu, kwa saa na si kwa siku. Na bei zote mbili zibandikwe mlangoni, zisikae kichwani mwa mkutubi.

Wengi wenu hamjui hata kama maktaba inakodisha chumba. Niliwauliza wenzangu zamu ya mchana, manesi wanne na daktari mmoja wa mafunzo kwa vitendo, wote wakashangaa. Kwao maktaba ni mahali pa vijana wa kidato cha nne kujifungia kabla ya mtihani wa NECTA, na wazee wastaafu kusoma magazeti ya bure. Kweli ndivyo ilivyo. Lakini maktaba nyingi zina chumba kimoja au viwili vyenye meza ndefu, viti, feni na mlango unaofungwa. Kile chumba ndicho nakitaka.

(2)

Kwanza niwaeleze kwa nini nesi anahangaika na chumba wakati hospitali imejaa vyumba.

Kliniki ya selimundu iko hivi. Mama anafika saa 12 asubuhi kuwahi namba. Mtoto anapimwa uzito, joto, wingi wa damu. Wanasubiri. Wakiingia kwa daktari ni dakika tano, saba wakibahatika, sio kwamba daktari ana roho mbaya, foleni nyuma yao haina mwisho. Ndani ya hizo dakika tano mama anaambiwa foliki asidi kila siku, penisilini asubuhi na jioni mpaka mtoto afikishe miaka mitano, alale kwenye chandarua, anywe maji mengi, asipigwe na baridi, homa ikifika nyuzi 38 usisubiri kukuche, na hii hapa haidroksiyurea, usiikatishe. "Umeelewa mama?" "Ndiyo dokta." Anatoka, anafunga mlango, ananifuata: "Sista, eti amesemaje?"

Hapo ndipo uuguzi unapoanza. Na mimi nina wengine thelathini kwenye benchi.

Inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu hapa Tanzania kila mwaka. Tumo kwenye tano bora duniani, na hii si tano bora ya kupigia vigelegele. Wazazi wao wanatakiwa kujua vitu ambavyo sisi tulifundishwa darasani wiki nzima. Chukua bandama. Mtoto mdogo mwenye selimundu anaweza kupata shida ambapo damu inakwama ndani ya bandama, linavimba haraka, na wingi wa damu unashuka ndani ya saa chache. Asubuhi anacheza, jioni amepauka viganja kama karatasi. Mama akijua kulipapasa bandama la mtoto wake kila siku, akajua leo limeishia wapi, atagundua kabla mtoto hajalegea. Jamaica walianza kuwafundisha wazazi hili miongo mingi iliyopita na vifo vya aina hiyo vikapungua. Si teknolojia. Ni vidole.

Ila vidole vinafundishwa polepole. Mtoto analala chali mezani, anakunja magoti, mama anaanzia chini upande wa kushoto anapanda juu kuelekea mbavu, taratibu, mtoto akivuta pumzi anasikilizia ukingo. Mara ya kwanza wote wanabonyeza kwa nguvu kama wanakanda ngano. Mama mmoja kumfundisha vizuri ni kama robo saa, na anatakiwa arudie kwa watoto wawili watatu ili aone tofauti. Hiyo robo saa kliniki haipo. Ipo Jumamosi, mezani, kwenye chumba chenye mlango.

Au chukua hiyo haidroksiyurea. Mama akienda nyumbani, shemeji yake anamwambia hiyo ni dawa ya wagonjwa wa kansa, ameisoma kwenye simu. Na ni kweli inatumika huko pia. Mimi nikimweleza mara kumi kwamba kwa selimundu kazi yake ni tofauti, inasaidia kupunguza yale maumivu makali, anaitikia kwa heshima halafu anaficha vidonge kabatini. Lakini akikaa pembeni ya mama mwenzake ambaye mtoto wake amemeza hiyo dawa miaka mitatu na mwaka huu hajalazwa hata mara moja, anaanza kumeza wiki hiyo hiyo. Maneno ya nesi hayana nguvu hiyo, tukubali tu.

Kama unadhani habari ya watu kukaa pamoja kujifunza afya imeletwa na mashirika ya juzi, muulize mama yako au bibi yako kuhusu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi vidogo vidogo, wakasikiliza redio, mmoja akasoma kitabu kwa sauti, wakajadili malaria, vyoo na maji, halafu wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Ilikuwa redio, kitabu, mtu wa kuongoza, na mahali pa kukaa. Redio leo tunayo kwenye simu. Vipeperushi tunavyo mpaka vinafungiwa maandazi. Mahali pa kukaa ndipo penye kazi.

(3)

"Si mkutane hospitali?" Kaka mmoja ameuliza hivyo chini ya sehemu ya kwanza na swali lake ni la haki.

Chumba cha mafunzo cha hospitali kina ratiba yake, na kikao cha menejimenti kikiingia ghafla nyie mnatolewa na watoto wenu mgongoni. Halafu watoto wenyewe. Mtoto aliyechomwa sindano kwenye lile jengo miaka minne mfululizo akiliona geti tu analia. Na kuna jambo la tatu ambalo waliowahi kupita kliniki ya CTC wanalijua sana: ukionekana unaingia mlango fulani, mtaa mzima umeshajua una nini. Selimundu nayo ina maneno yake. Kuna ndoa zimevunjika kwa "kwenu ndiko kulikoleta ugonjwa", wakati mtoto hawezi kuupata bila vinasaba vya baba na mama wote wawili.

Kanisani? Msikitini? Wametupokea vizuri kote, siwalaumu. Lakini kikundi kina watu wa dini zote, na mtu akiingia kwenye jengo la dini ya mwenzake anakaa kama mgeni, haulizi maswali, anaongea kwa adabu tu. Halafu baada ya wiki tatu lazima kuna mtu ataleta maombi ya uponyaji katikati ya somo la homa.

Ofisi ya serikali ya mtaa mara nyingi ni chumba kimoja na watu wanaingia kufuata barua. Ukumbi wa baa ni rahisi mchana, ila muziki, harufu, na mhudumu anazunguka kuuliza nani hajaagiza soda. Mama aliyekuja na nauli ya kurudi tu anajisikia vibaya. Hotelini ndiyo usiseme, wanakuhesabia kichwa kwa chai na vitafunwa hata kama hamkuvitaka.

Sasa nitajieni mahali mjini ambapo mtu anaweza kukaa saa mbili bila kununua kitu, bila kusali, bila kuvaa fulana ya chama na bila mlangoni kuulizwa anaumwa nini. Mimi napajua pamoja. Ukiingia maktaba jirani yako akikuona atadhani umefuata kitabu. Basi. Huo usiri ni mkubwa kuliko wa pazia la wodini kwetu, wanaofanya kazi wodini wananielewa.

(4)

Hii sehemu naandika kwa uangalifu. Maktaba yenyewe siitaji, mji siutaji, na msinibane kwenye komenti.

Kwa karibu miaka miwili kikundi chetu cha wazazi wa watoto wenye selimundu kilikutana kwenye chumba cha mikutano cha maktaba moja ya umma, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa 2 mpaka saa 4 asubuhi. Mkutubi alikuwa mama mtu mzima. Nilipokwenda mara ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikamweleza shida yetu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mtapiga spika?" Nikasema hapana mama. "Basi njooni mwanangu, mkitoka mfagie." Tulichanga 1,000 kila mzazi kwa ajili ya sabuni na yule anayefungua geti. Tulikuwa 22.

Yule mama alistaafu. Akaja mwingine, kijana, mchapakazi, ofisi ikapangika, hata vyoo vilianza kuwa na maji. Akatuambia kwa heshima kabisa kwamba chumba kinakodishwa 150,000 kwa siku. Nusu siku hakuna. Kwa saa hakuna. Kikundi kilete barua ya maombi, cheti cha usajili, na kilipe kwa namba ya malipo ya serikali kabla ya tarehe. Nikamuuliza, na wale tunaokaa saa mbili tu? Akasema, "Sista, mimi nimekuta mwongozo unasema siku. Nikikupa bure, mkaguzi akija nitamwambia nini?"

Sina ugomvi naye. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Hela ya serikali haina huruma ya mdomo, na yule mama aliyetangulia alikuwa anatubeba kwa mgongo wake bila karatasi yoyote. Siku alipoondoka, na chumba kikaondoka.

Piga hesabu. 150,000 gawanya kwa 22 ni karibu 6,800 kila mzazi, kila mwezi, ukiacha nauli. Kuna mama pale anauza vitumbua, faida ya siku nzuri haifiki hapo. Tukahamia kwenye ukumbi wa jengo la ibada, tukahamia kibarazani kwa mzazi mmoja, mvua ikatufukuza. Mwezi uliopita tulikuwa tisa.

Hao kumi na tatu waliopotea nawafikiria nikiwa zamu ya usiku. Maana mmoja wa wale waliobaki, siku moja saa 7 usiku aliingia mapokezi na mtoto kambeba kwa kanga, hajalia, hajapiga kelele, akaniambia, "Sista, bandama limeshuka vidole vitatu kupita jana." Sentensi moja. Hatukuanza kubahatisha, mtoto alipimwa na kuwekewa damu mapema, yuko shule sasa hivi. Hiyo sentensi aliisomea kwenye ile meza ndefu ya maktaba. Nimeona wazazi wangapi wanaoingia na "mtoto amelegea tu tangu jana"? Wengi, na wanapoteza saa ambazo hawakuwa nazo.

(5)

Sasa tuzungumze hela, maana wapo watakaosema nesi anataka vya bure.

Ilani ya maktaba za umma ya UNESCO na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, toleo la 1994, inasema huduma za maktaba ya umma kimsingi ziwe bure na zigharamiwe na serikali. Mtu anaweza kunibishia kwamba hiyo ni kwa vitabu, chumba ni ziada. Mimi sikubali kuwa ni ziada. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, na sidhani siku ile ilichaguliwa kwa sababu ya rafu za vitabu peke yake. Taifa changa lilikuwa na watu wengi wasiojua kusoma. Kwa mtu asiyejua kusoma, maktaba yake ni mwenzake anayejua, na hao wawili wanahitaji mahali wanapoweza kuongea kwa sauti, maana kwenye ukumbi wa kusomea wataambiwa shhh.

Hata hivyo sitaki bure. Nimefanya kazi kwenye taasisi ya umma miaka ya kutosha kujua kitu cha bure kinavyotendewa. Feni ikiharibika hakuna wa kuitengeneza, na mwenye jina kubwa ndiye anayepata nafasi. LUKU inakwisha, mlinzi wa Jumamosi anatakiwa alipwe, bomba linavuja. Chumba kiingize hela, kabisa.

Kiingize kutoka wapi ndiyo swali. Semina za wiki nzima zinakuja pale zikiwa na bajeti ya ukumbi iliyopitishwa tangu mwaka jana. Ukiwaambia 150,000 wanauliza tu risiti ikoje. Wapandishie, iwe 200,000, wala hawatapepesa macho, maana hotelini wangelipa zaidi. Hiyo nyongeza ya semina moja inafidia saa mbili zetu za Jumamosi kwa miezi mingi. Hospitali zetu zenyewe zinafanya hivi, ndugu zangu: mwenye bima analipiwa, mwenye uwezo analipa taslimu, na kwa asiyejiweza kuna ustawi wa jamii na fomu ya msamaha. Hatujafunga. Tumeandika nani anaingia kwa mlango gani.

Kuna jambo jingine bei kubwa ya siku inafanya. Inawaleta wanaoweza kulipa, na wanaoweza kulipa Jumamosi ni kamati za harusi na kichen pati. Nawapenda, nimecheza kwenye nyingi. Lakini spika mbili kubwa zikiwashwa ukuta wa pili kutoka kwa mtoto anayejiandaa na hesabu za kidato cha sita, umemuibia. Na pilau ikimwagika chini ya kabati, usiku mende wanakuja, na mende wakimaliza punje wanahamia kwenye gundi na majalada ya vitabu. Panya ndiyo kabisa. Kukodisha maktaba kama ukumbi wa sherehe ni kuuza mbuzi kununua kamba yake.

(6)

Dada mmoja ameuliza, "Na kikundi cha dini kikitaka chumba kwa bei ndogo? Na cha siasa?" Swali gumu, nalijibu nikijua nitatukanwa.

Chama cha Maktaba cha Marekani, ambacho ni cha mwaka 1876, kina tamko lake la haki lililopitishwa mara ya kwanza 1939. Lina kipengele kinachosema maktaba inayotoa vyumba vya mikutano kwa umma ivitoe kwa usawa, bila kuangalia imani au mlengo wa wanaoomba. Na wenzetu kule wamegombana sana juu yake. Mwaka 2018 walitoa ufafanuzi uliotaja hata vikundi vya chuki, watu wakawaka, ndani ya wiki chache wakaufuta. Kwa hiyo msidhani kuna nchi imemaliza hili.

Mimi naona hivi. Usimuulize mtu yeye ni nani, muulize atafanya nini mle ndani. Anayekuja kufundishana, iwe kusoma Kurani, iwe kilimo cha mboga, iwe katiba ya nchi, na mlango uko wazi kwa yeyote anayetaka kukaa na kusikiliza, bei ndogo. Anayekuja kuuza bidhaa, kukusanya sadaka au kunadi mgombea, bei kubwa au hapana kabisa wakati wa uchaguzi. Mkutubi asiwe hakimu wa imani za watu. Nikiacha mkutubi achague vikundi anavyovipenda leo kwa sababu anapenda watoto wa selimundu, kesho atakuja asiyependa kikundi cha wanaoishi na VVU, na sitakuwa na mdomo.

Kwenye hiyo habari ya cheti cha usajili pia nina neno. Vikundi vingi vya wagonjwa havijasajiliwa na vingine havitaki kusajiliwa, maana orodha ya majina inakwenda ofisini kwa mtu. Barua ya mwenyekiti wa mtaa na kitambulisho cha NIDA cha mtu mzima mmoja atakayewajibika kiti kikivunjika, inatosha. Na kile kitabu cha wageni mlangoni chenye safu ya jina, simu na "madhumuni ya ujio", kiandikwe jina la kikundi mara moja. Wazazi 22 wasipange foleni kuandika magonjwa ya watoto wao kwenye daftari lililo wazi.

(7)

Mmeniomba inbox mambo ya kuangalia ukienda kukodi. Nayasema kwa jicho la nesi, anayetaka jicho la mshereheshaji amtafute mshereheshaji.

Kakione chumba kabla hujalipa, saa ile ile mtakayokitumia. Chumba kizuri saa 2 asubuhi kinaweza kuwa tanuri saa 8 mchana. Ukiambiwa kinaingiza watu 60, hiyo ni kwa viti vya mistari kama darasani. Mkikaa duara, na kikundi cha wagonjwa lazima kikae duara, ni nusu yake, pengine pungufu. Duara linaleta maswali, mistari inaleta mhadhara.

Ngazi. Maktaba nyingi zimeweka chumba cha mikutano ghorofani. Watu wenye selimundu wengi wanaharibika nyonga wakikua, kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu, wanatembea kwa kuchechemea wakiwa na miaka ishirini na kitu. Wazee wa presha na magoti nao wapo. Kama hakuna njia ya chini, omba hata kona ya sehemu ya watoto kabla hawajafungua.

Maji. Kuna bango la "hairuhusiwi kula wala kunywa", na ni sahihi kwa sababu ya vitabu. Lakini mtoto wa selimundu lazima anywe maji mara kwa mara, akikauka damu inaanza kuganda kwenye vijia na maumivu yanafuata. Elewaneni mapema: chupa yenye kifuniko, maji matupu, hakuna soda, hakuna biskuti. Sijaona mkutubi aliyekataa akielezwa.

Kiyoyozi. Hiki watu hawakitarajii. Baridi inaamsha maumivu, na kuna kumbi rimoti yake inafungiwa ofisini ikiwa nyuzi 18. Omba kizimwe, fungueni madirisha, vaeni sweta.

Uliza nani anashika ufunguo Jumamosi, na namba yake ya simu. Tumewahi kukaa nje saa nzima na watoto kwa sababu ufunguo ulikuwa msibani. Uliza choo kiko wapi na kama kina maji. Lipia kwa namba ya malipo, chukua risiti, usimpe mtu hela mkononi hata akikuitia "dada yangu". Siku akihamishwa, hela uliyompa mkononi haitakutetea, risiti itakutetea.

(8)

Barua tumeshaandika, wazazi wote tisa wamesaini. Tumeomba vitu vitatu: bei ya saa kwa vikundi vya kujifunza, bei hiyo iandikwe kwenye mwongozo ili yule kijana asigombane na mkaguzi kwa ajili yetu, na Jumamosi asubuhi kabla ya saa 4 isikodishwe kwa sherehe. Tumependekeza 10,000 kwa saa. Kwa saa mbili, tukirudi kuwa 22, haifiki 1,000 kila mzazi. Mkutubi amepokea, ameipiga mhuri, amesema ataipeleka kwa wakubwa zake, na nilipoaga akaniuliza kama tunapokea mtu mzima mwenye sikoseli, ana mdogo wake. Nikamwambia aje.

Kama wewe ni mkutubi na kwenu bei ya saa ipo, niandikie inbox ni kiasi gani na mliiandikaje, niiambatanishe. Kama wewe una kikundi, cha kisukari, cha kifafa, cha wanaonyonyesha, nenda kaulize maktaba ya kwenu wiki hii, kwa maandishi.

Wazazi wangu wa selimundu: Jumamosi hii ni darasani, shule ile ile tuliyokubaliana kwenye kundi la WhatsApp, saa 3 kamili. Tutarudia bandama na homa. Kila mtu aje na mtoto, chupa ya maji na sweta. Ule mkeka nitaubeba mimi.